Pampu Ilinok, Nyanya Zikakauka: Kile Power Mechanics Ilinifunza Nikiwa Form Two Masaku

Kama umekulia karibu na mto pande za Yatta, unajua ile sauti. Pampu ya petroli inaunguruma huko chini tangu saa kumi na mbili asubuhi, wewe uko kwa shamba umeshika mpira wa maji, alafu ghafla kimya. Maji yanapungua, yanaanza kudondoka, yanaisha. Kila mtu kwa shamba anageuka kuangalia upande wa mto na hakuna mtu anaongea.

Yetu ilinyamaza likizo ya Agosti. Buda alikuwa amepanda nusu ekari ya nyanya, zimeanza tu kutoa maua, na hizo nyanya ndio zilikuwa fee yangu ya muhula wa tatu. Hakukuwa na mpango mwingine. Ng'ombe alikuwa ameenda na fee ya muhula wa pili.

Sasa hiyo pampu ilikuwa na mchezo wa kujizima. Unavuta kamba, inashika fiti, dakika kumi hivi, inakata. Unavuta tena, inashika, inakata. Buda akaita fundi kutoka soko. Jamaa akacheki cheki, akasema, "Mzee, hapa ni sensa inakusumbua." Akatoa koleo, akakata waya moja kadogo, akaomba punch, akaishia. Na ukweli ni kwamba pampu haikuzima tena. Ilipiga siku nne mfululizo bila shida na buda akawa anamsifu huyo fundi kwa kila mtu. Siku ya tano ikatoa mlio kama mtu amegonga sufuria na nyundo. Ikanok. Kamba haivutiki. Injini imekuwa jiwe.

Nyanya hazijui mambo ya injini. Wiki moja na kitu ya jua la Masaku na zilikuwa zimekauka zote. Nilirudi shule muhula ukiwa wiki ya nne, buda akiwa amekopa kwa chama ya mathe.

Nikaingia wakshopu nikapata wenzangu wamefika mahali panaitwa lubrikesheni. Odijo alikuwa ameweka injini ndogo kwa benchi, ameifungua ubavu, tunaona ndani. Akashika kitu kama kijiko kilichoning'inia chini ya konrodi, akauliza darasa, "Hii ni ya nini?" Hakuna mtu alijibu. Akasema, "Hii injini haina pampu ya oili. Hiki kijiko ndicho kinachota oili na kuirusha kila mahali. Sasa mkiweka injini kwa mteremko, oili inaenda wapi?"

Manze. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na nilisikia tumbo ikigeuka.

Acha nieleze vizuri, ju hii kitu moja ndio imeua pampu nyingi sana ocha. Zile injini ndogo unaona kila mahali, kwa pampu, jenereta, mashine za kukata nyasi, vaibreta za mjengo, nyingi ni Honda GX160 ama klonі zake. Ni injini ya sisi 163, silinda moja. Ndani yake kuna oili kama nusu lita na kidogo tu. Ikizunguka mizunguko 3,600 kwa dakika, kile kijiko kinachapa oili mara 60 kila sekunde. Oili inaruka kama mvua, inalainisha konrodi, krenkishafti, pistoni, kila kitu. Hiyo ndio lubrikesheni yote. Hakuna mfereji, hakuna pampu. Ni kijiko.

Ukiinamisha injini, oili inakimbilia upande mmoja. Kijiko kinachota hewa. Konrodi ya hizi injini ni ya aluminiamu na inazunguka juu ya chuma, so bila oili inapata moto, inalainika, inashikana na krenkishafti kabisa kama imechomelewa. Hapo ndio tunasema imenok.

Na Wajapani walijua watu wataziinamisha. Ndio maana waliweka sensa chini ya krenkesi. Oili ikishuka chini ya kiwango, ama ikikimbilia upande mwingine, sensa inakata moto wa plagi na injini inazima kabla haijajiua. Ile waya fundi alikata ndio ilikuwa inaokoa pampu yetu kila dakika kumi. Shida haikuwa sensa. Shida ilikuwa mteremko. Ingewekwa tu mawe mawili upande wa chini ikae sawa, nyanya zingeiva.

Sijaandika hii kumchoma huyo jamaa. Alifunzwa na mtu ambaye alifunzwa na mtu, na katikati hapo hakuna aliyewahi kufungua manuali. Ndio hiyo tofauti nataka kuongelea leo.

Ju kuna madogo saa hii wana uamuzi mkubwa. Tangu Januari 2026, darasa la kwanza la Grade 10 liko ndani ya senior school, na kila mtoi amechagua njia yake: STEM, Social Sciences, ama Arts and Sports Science. Ndani ya STEM kuna kona ya masomo ya ufundi ambayo wazazi wengi wanairuka macho: Power Mechanics, Metalwork, Electricity, Woodwork, Building Construction, Aviation. Kama una mdogo wako yuko Grade 9 na anakuuliza Power Mechanics ni nini, usimwambie "ni ya wale wamefeli." Hiyo ndio mimi niliambiwa na ndio karibu niache.

Hili somo si geni. Miaka ya 1960 Sweden, kupitia shirika lake la SIDA, ilisaidia Kenya kuweka wakshopu kwa sekondari kadhaa, watoi wakafunzwa mbao, chuma, umeme na injini. Ikakuja 8-4-4 mwaka wa 1985, na wazo lilikuwa kila mtu atoke shule akijua kufanya kitu na mikono. Wazazi wakachanga, wakshopu zikajengwa kwa harambee. Uliza mtu mzima yeyote, atakuambia nyingi ziliishia kuwa stoo ya viti zilizovunjika. Vifaa ni ghali na walimu walikuwa wachache. Kwa KCSE, Power Mechanics iko kodi 447 na unaifanya kwa pepa mbili: moja ya maandishi, ambayo ina ata swali la kuchora, na moja ya praktiko. Wale wa mwisho wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka wa 2027, alafu kodi hizo ziende na historia.

Darasa letu tulikuwa wachache sana. Wenzetu wa Business walikuwa wanatuita "grisi."

Sasa tunajifunza nini huko ndani? Kitu ya kwanza kabisa ni ile hesabu ya mipigo minne ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliifanya ikafanya kazi 1876. Pistoni inashuka inavuta hewa na petroli. Inapanda inabana. Plagi inatoa cheche, mchanganyiko unalipuka, pistoni inasukumwa chini na nguvu. Inapanda tena inatema moshi. Kuvuta, kubana, kulipuka, kutema. Mipigo minne, mizunguko miwili ya krenki, mlipuko mmoja. So hiyo pampu ya ocha ikiwa kwa 3,600, inalipuka mara 30 kwa sekunde. Boxer ya msee wa boda ni hivyo hivyo. Probox ni hivyo hivyo, mara silinda nne. Ukielewa moja umeelewa zote, na hiyo ndio raha ya kuanza na injini ndogo: unaweza kuibeba, kuiweka kwa meza, na kuifungua yote kwa siku moja bila kupoteza akili.

Alafu odijo alitufunza maswali matatu. Alikuwa mkali kwa hiyo kitu. Injini imekataa kushika? Usiguse spana. Uliza: iko na petroli? Iko na moto? Iko na kompresheni? Kama zote ziko na kwa wakati wake, lazima ishike. Haina jinsi. Kama haishiki, moja haiko, na kazi yako ni kujua gani kabla ya kufungua chochote.

Hapa ndio unatofautisha fundi na mtu wa kubahatisha. Wa kubahatisha anaanza kwa kubadilisha plagi, alafu kabureta, alafu koili, kila kitu kwa doo yako, mpaka siku ile atagonga kile kilikuwa kimeharibika.

Petroli tuanze nayo ju ndio shida mara nyingi. Petroli inazeeka. Ukiiacha kwa tangi mwezi mmoja na zaidi, inaanza kuacha utomvu kama gundi, na kabureta iko na jeti yenye tundu ndogo kuliko ncha ya sindano. Utomvu ukiziba hapo, injini inashika na choki peke yake, ukitoa choki inakufa. Ukiona hiyo dalili usinunue kabureta. Funga mfereji wa petroli, fungua kikombe cha chini cha kabureta, ni bolti moja ya spana ya 10, toa jeti, isafishe, puliza hewa. Usiingize msumari ama waya ngumu, ju ukipanua hiyo tundu umeharibu kipimo na itaanza kumeza petroli. Kila msimu ukiisha, kausha kabureta kabla ya kuhifadhi pampu. Ni kazi ya dakika mbili na hakuna mtu anaifanya. Alafu kuna petroli ya kuchanganywa na mafuta ya taa. Hii biashara ilikuwa imefika mahali serikali ikaweka ushuru wa bob 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018, ndio kusiwe na faida ya kuchanganya. Ukinunua petroli ya chupa kando ya barabara, hiyo ni bahati nasibu yako.

Moto unacheki kwa plagi. Ukiitoa, isome kwanza kabla ya kuipangusa, ju rangi yake inakuambia maisha ya injini. Kahawia ya chai ya maziwa, uko sawa. Nyeusi kavu kama masizi, petroli ni nyingi kuliko hewa, pengine filta imeziba ama choki imebaki imefungwa. Nyeusi na imelowa oili, ringi zimeisha ama valvu zinapitisha. Nyeupe kama chaki, injini inachoma sana, hewa imezidi petroli. Pengo la plagi kwa GX160 ni milimita 0.7 hadi 0.8, na inapimwa na fila geji, si na jicho. Kucheki cheche unairudisha kwa kofia yake, unaiegemeza kwa chuma ya injini, mtu anavuta kamba. Cheche ya bluu ni poa. Lakini fanya hivyo mbali na ile shimo ya plagi, na petroli isiwe imemwagika. Kuna kijana darasani kwetu alichoma nyusi. Zilimea tena, lakini KCSE aliifanya akiwa na sura ya mshangao.

Kompresheni inasikika kwa mkono. Ukivuta kamba polepole unafaa kusikia injini ikikataa, alafu inaachilia. Kama kamba inateleza tu kama ya kuchota maji kisimani, hewa inatoroka mahali: ringi, gasketi, ama valvu. Na kabla hujaanza kulia ringi, pima tapeti. Nafasi ya valvu ya kuvuta ni milimita 0.15, ya kutema ni 0.20, injini ikiwa baridi. Nimewahi kuona jenereta imepigwa bei ya skrepa na ilikuwa tu valvu imekosa nafasi ya kufunga. Fila geji na dakika ishirini, ikaamka.

Kuna vitu vingine huwezi pata kwa video za YouTube za Wamarekani, ju wao hawaishi Masaku. Vumbi yetu, kwa mfano. Ile foronya ya sponji kwa filta inafaa kuoshwa na sabuni, kukaushwa vizuri, alafu inapakwa oili kidogo na kukamuliwa. Watu wengi ikishachafuka wanaitoa na kutupa, injini "inapumua vizuri." Kweli inapumua. Inapumua mchanga. Na mchanga kwa silinda ni kama msasa.

Ama urefu wa mahali tunakaa. Mji wa Machakos uko karibu mita 1,600 juu ya bahari, na hewa huku ni nyepesi. Manuali ya Honda inasema nguvu ya injini inapungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: kufika Masaku umepoteza karibu moja ya tano ya nguvu. Ile pampu iliandikwa kwa boksi inasukuma maji mbali, hiyo ni ya Mombasa. Hiyo hewa nyepesi pia inagusa kuvuta. Pampu haivuti maji kama unavyovuta soda, inatoa hewa kwa mpira na uzito wa hewa ya nje ndio unasukuma maji kupanda. Kwa bahari, kwa karatasi, mwisho ni kama mita 10. Kwa ukweli ni 7 ama 8, na ukipanda milima inapungua zaidi. Kusukuma ni rahisi, kuvuta ndio ngumu. Ndio maana kila mkulima lazima ashushe pampu karibu na maji, na karibu na maji ni wapi? Kwa ukingo. Na ukingo ni nini? Mteremko. Unaona vile hii stori inarudi kwa nyanya za buda? Hakuna mtu alikuwa mjinga hapo. Fizikia ndio ilimlazimisha kuweka pampu mahali ambapo oili itakimbia.

Kitu ingine ni zile injini za mipigo miwili, za msumeno wa miti na za kukata nyasi ya kubeba begani. Hizo hazina oili kwa tumbo. Oili yake inachanganywa ndani ya petroli, na nyingi zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita, lakini soma kibandiko cha mashine yako. Ukiweka petroli tupu, umeinunulia jeneza. Na kama wewe ni wa jenereta, tafadhali usiiwashe ndani ya keja ama kwa balkoni imefungwa. Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu, na unalala usiamke. Hii si stori ya kutisha watoto, ni kitu inamaliza familia nzima usiku mmoja.

Turudi kwa pampu. Desemba nilienda nyumbani na kipande cha karatasi kimeandikwa hatua za kufungua, nikamwambia buda tuifungue. Alinikatalia siku mbili. Siku ya tatu akaweka gunia chini ya mwembe akasema, "Haya, fundi." Hakuwa anasema kwa heshima.

Tulitoa bolti za ubavu, spana ya 12 tu. Ndani kulikuwa vile odijo alisema. Konrodi imevunjika na kipande chake kimeganda kwa krenkishafti, aluminiamu imepakwa juu ya chuma kama siagi imeungua. Oili iliyobaki ilikuwa na vumbi ya kung'aa. Buda akachukua ile konrodi akaigeuza geuza kwa muda mrefu. Akauliza, "Sasa huyu alikata nini?" Nikamwonyesha sensa. Nikamwonyesha kijiko. Nikaweka krenkesi kwa meza, nikamwaga maji kidogo ndani, nikainamisha vile pampu ilikuwa inakaa mtoni. Maji yakaenda kona. Kijiko kikabaki juu, kikavu. Hakuongea. Alienda akaketi na mathe.

Januari nilibeba krenkishafti kwa boksi la shule, imefungwa kwa sweta. Odijo akaipima na mikromita akasema chuma yenyewe haijaliwa, ni aluminiamu imeshikana tu juu. Hapo ndio nilipenda Kemia kwa mara ya kwanza maishani. Sodiamu haidroksaidi inakula aluminiamu na haigusi chuma. Alifanya mwenyewe nje ya wakshopu, glavu na miwani, sisi tumesimama mbali ju inatoa haidrojeni na inaunguza ngozi vibaya. Ikachemka chemka, aluminiamu ikaisha, krenki ikatoka safi. Tukailainisha na msasa mwembamba uliopakwa oili. Iliyobaki ilikuwa kununua: konrodi, ringi, gasketi. Sehemu za hizi klonі zinapatikana Nairobi, ukienda Kirinyaga Road na sampuli mkononi utapata. Zote pamoja hazikufika bei ya nusu ya pampu mpya. Ringi ina upande wa juu na wa chini, na konrodi ina alama ya upande wa kuangalia. Ukikosea, unaanza tena. Sisi tulikosea. Tulianza tena.

Ilishika likizo ya Aprili, mvuto wa saba.

Sitakudanganya eti nilikuwa fundi mkubwa baada ya hapo. Nilipata B ya 447 na nikaenda chuo kusomea kitu tofauti kabisa, ju ndio kozi nilipewa. Niliacha mwaka wa pili fee ikikataa, na sasa ndio huyu mnasoma. Lakini wikendi mingi nikiwa mtaani naamsha jenereta za vinyozi na za watu wa mziki, na kuna miezi hiyo ndio imelipa rent, si hii kibodi. Soichiro Honda mwenyewe alianza kama mwanagenzi kwa gereji ya Tokyo inaitwa Art Shokai mwaka wa 1922, akiwa na miaka 15. Baada ya vita, 1946, alikuwa anachukua injini ndogo za jenereta za redio za jeshi anazifunga kwa baiskeli. Kampuni ikakuja 1948. Yaani yule msee ambaye jina lake liko kwa pampu ya ocha kwenu alianza kwa kufufua injini za wengine.

Kama shule yako haikuwa na Power Mechanics, hujachelewa. Tafuta injini imekufa kwa mtu wa skrepa. Nunua seti ya spana, muhimu ni 8, 10, 12, 14, ya plagi ni 21, na fila geji. Pakua manuali ya GX160, iko bure na ina vipimo vyote. Piga picha kila hatua ukifungua. Panga bolti kwa karatasi vile zilitoka. Ukishajua kitu, NITA wana mitihani ya trade test, unaanza Grade III unapanda hadi Grade I, na hawakuulizi KCSE ulipata nini, wanakuangalia mikono. Na kama ni dogo wako anachagua njia ya Grade 10, kwanza uliza shule hiyo iko na wakshopu inafanya kazi ama ni stoo ya viti. Nenda uione na macho. Power Mechanics bila injini ya kufungua ni kusoma kuogelea kwa ubao.

Ile pampu bado iko. Buda alijenga kajukwaa ka mawe na simiti kwa ukingo, ka kuikalisha sawa. Ile waya tuliirudisha. Kuna siku ilijizima, jirani akamwambia aite fundi atoe sensa. Buda akatoa kile kijiti cha oili, akakipangusa, akakirudisha bila kukaza, akakitoa tena akakiangalia. Ilikuwa chini. Akaongeza oili, akavuta kamba, akarudi kwa shamba.

Mathe ndio hunipigia siku hizi ikisumbua na buda hayuko. Juzi amenipigia nikiwa kwa matatu, hakuna salamu, nasikia tu ameweka simu karibu na injini. Inanguruma kama imebanwa, inakohoa.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, mwaitu. Moshi ni wa rangi gani?"

"Mweusi."

Nikamwambia afungue choki.